Penseli Chini ya Wino

Wewe ungeiamini karatasi iliyofika ofisini siku nne baada ya aliyeitia sahihi kufa? Usijibu haraka. Mkaguzi Wendell Prouty wa Wizara ya Sheria alipanda treni siku tatu, kutoka Washington hadi mji wa Nordahl, Dakota ya Kaskazini, kwa ajili ya karatasi hiyo moja, na yeye mwenyewe hakujibu haraka.

Alishuka stesheni Jumanne asubuhi, tarehe ishirini na moja Machi, mwaka 1911. Hakupita hotelini hata kuweka mkoba. Alikwenda moja kwa moja mahakamani, akakung'uta theluji kwenye viatu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Karani wa mahakama, Horace Dunmire, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa vile vifuniko vyeusi vya kukinga mikono ya shati isipate wino, na vilikuwa vimepigwa pasi.

"Ndiyo hii, Bwana Prouty," Dunmire akasema, akamwekea karatasi mezani kwa mikono miwili.

Ilikuwa na mistari sita tu. Ilisema kwamba, kwa ombi la mshtakiwa Aslak Tveiten, hukumu yake imetenguliwa na kesi itasikilizwa upya. Chini kulikuwa na tarehe, 9 Januari 1911, na jina: L. Penhallow, Jaji.

Jaji Lucius Penhallow alikufa kwa kichomi Alhamisi, tarehe kumi na mbili Januari. Karatasi hii iligongwa muhuri wa kupokelewa Jumatatu, tarehe kumi na sita. Na kikao cha mahakama cha majira ya baridi kilifungwa tarehe kumi. Sheria ilikuwa hivi: kikao kikishafungwa, hukumu haiguswi. Kwa hiyo kama jaji aliandika kweli tarehe tisa, Tveiten atoke gerezani, arudi kujibu kesi yake upya. Kama aliandika mtu mwingine baadaye, Tveiten akae miaka miwili yake, na huyo mtu mwingine amfuate.

Mtu mwingine ambaye kila kidole kilimwelekea ni huyu Dunmire.

"Mzee Horace! Umeshafunga mizigo?" Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya mwendesha mashtaka, Lyle Stebbins, mtu mnene mwenye kijiti cha meno mdomoni. "Gerezani hawaruhusu vifuniko vya mikono, nakwambia mapema."

Dunmire hakugeuka.

"Karibu Nordahl, Bwana Mkaguzi," Stebbins akaendelea. "Kazi yako fupi. Yule Mnorwe aliapa kwamba ameishi shambani kwake miaka mitano mfululizo ili serikali impe hati. Kumbe majira mazima ya baridi alikuwa msituni anakata magogo. Kiapo cha uongo. Raia kumi na wawili wa baraza la mahakama wamesema ana hatia, jaji kampa miaka miwili, na shamba linafunguliwa kwa waombaji wengine tarehe moja Aprili. Kila kitu kimekaa sawa, mpaka maiti ikaanza kuandika."

"Shamba lina nani sasa?" Prouty akauliza.

"Mkewe. Ana ng'ombe wanne na ukaidi mwingi."

Prouty akahesabu siku. Zilibaki kumi na moja.

Akatoa kioo cha kukuzia kwenye mfuko wa koti, akaipeleka karatasi dirishani. Akasoma herufi moja moja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika kwenye sahihi akasimama. Chini ya wino kulikuwa na mstari mwingine, wa kijivu, unaong'aa kidogo. Ulikuwa wa penseli. Akarudi juu. Kila herufi ilikuwa na penseli chini yake. Mtu alikuwa amefuatisha maandishi yote kwa kalamu ya wino, taratibu, bila kuruka nukta hata moja.

"Naam," Stebbins akasema, akichungulia begani kwake. "Ndivyo wanavyofanya. Unaweka karatasi juu ya sahihi ya kweli, unanakili kwa penseli, halafu unapitishia wino. Hata mtoto wa shule anaijua."

Prouty akamtazama karani. Masikio ya Dunmire yalikuwa mekundu.

Prouty akaomba kuoneshwa chumba cha jaji. Kilikuwa kimefungwa tangu siku jaji alipokufa, lakiri nyekundu ya mahakama juu ya tundu la ufunguo, haijavunjwa. Akaivunja mwenyewe, mbele ya wote wawili.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Meza ilikuwa safi. Vitabu vya sheria vilijaa kuta tatu, na kwenye ukuta wa nne palikuwa na koti zito la manyoya likining'inia kwenye msumari.

"Hilo ndilo alilovaa mara ya mwisho?" Prouty akauliza.

"Ndilo," Dunmire akasema. "Nililirudisha hapa mimi siku alipokufa. Ndipo tukafunga."

Prouty akalishusha, akalipekua mifuko. Leso, tiketi ya treni iliyotobolewa, peremende mbili zilizogandamana. Halafu akaligeuza ndani nje. Kwenye bitana, upande wa kushoto, palepale kwapani, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Alilinusa. Wino. Kwenye doa mlikuwa na kipande cha kioo chembamba, kidogo kama punje ya mtama. Akakifunga kwenye karatasi, akaandika mahali alipokitoa.

"Jaji alikuwa mchafu wa wino?"

"Jaji Penhallow?" Dunmire akashtuka kama ametukanwa. "Miaka kumi na mitano sijamwona na doa hata kwenye kidole."

Ikabidi Prouty aulize jaji alikuwa mtu wa namna gani. Maana sahihi si wino tu, sahihi ni mtu. Dunmire akamweleza, tena kwa utaratibu, kama anasoma daftari. Jaji alizaliwa Vermont, mtoto wa mkulima mgema wa utomvu wa miti ya sukari. Alifundisha shule ya msingi miaka minne kabla ya kusoma sheria. Rais alimteua mwaka 1896, akapewa wilaya yenye miji minne ya kuzungukia, na kila majira ya baridi aliizungukia yote kwa treni. Shirika la reli lilimpelekea tiketi ya bure kila mwaka mpya, na kila mwaka mpya aliirudisha na barua ya shukrani, akakata tiketi yake dirishani kama watu wengine. Alisikiliza kesi elfu mbili na mia tatu. Mahakama ya juu ilimkosoa mara tisa tu.

"Umejuaje tisa?"

Dunmire akaonesha kadi iliyobanwa ukutani juu ya meza. Ilikuwa mwandiko wa jaji. Juu imeandikwa: *Nilipokosea*. Chini yake majina tisa ya kesi, na mwaka wa kila moja. Prouty akasogea karibu. Hayakuwa tisa. Mstari wa kumi ulisema: *Tveiten, 1911. Niliwaelekeza baraza vibaya. Anayekwenda kibaruani na kumwacha mke nyumbani hajahama.*

Hata Stebbins akakitoa kijiti mdomoni. Lakini kwa muda mfupi tu.

"Kujuta si kuombwa," akasema. "Jaji hawezi kurudia kesi kwa sababu roho inamsuta. Lazima mshtakiwa aombe. Na huyu hakuomba. Mzee Horace, msomee Bwana Mkaguzi ulichoandika wewe mwenyewe."

Dunmire akaleta kitabu cha mwenendo wa kesi. Akasoma ukurasa wa tarehe sita Januari, siku ya hukumu, kwa sauti iliyokauka:

"'Jaji alimuuliza mshtakiwa kama anaomba kesi isikilizwe upya. Mshtakiwa alijibu: Hapana, asante, Mheshimiwa, nisiwasumbue. Jaji alimuuliza mara ya pili. Mshtakiwa alijibu: Hakuna haja, Mheshimiwa. Mwendesha mashtaka alisema kwamba mshtakiwa amekataa mara mbili na treni ya saa sita inakaribia. Jaji alifunga shauri.'"

"Umesikia," Stebbins akasema. "Na mkewe alikuwepo pale, kwenye benchi la mbele. Kama walitaka, midomo walikuwa nayo."

Mchana ule Prouty akapeleka simu ya maandishi kwa mkuu wa gereza alikofungwa Tveiten: mfungwa aulizwe kama aliwahi kumwomba jaji kesi isikilizwe upya, na kama anataka kutoa maelezo. Akapeleka na ujumbe kwa Bi Ragnhild Tveiten, afike mahakamani kesho yake.

Akaenda pia kwenye mahabusu ya wilaya, alikowekwa Tveiten kabla ya kusafirishwa. Askari aliyekuwa zamu mwezi Januari alikuwa ameshahamia Oregon. Kilichobaki ni kitabu cha wageni. Tarehe tisa Januari kulikuwa na jina moja tu: Ragnhild Tveiten, kuingia saa kumi jioni, kutoka saa kumi na moja na nusu. Jina la jaji halikuwemo.

"Jaji akija hapa, anatia sahihi?" Prouty akamuuliza askari mpya.

"Wewe ungemwambia jaji atie sahihi?" askari akajibu. "Mimi nina watoto."

Bi Ragnhild alifika Jumatano saa tatu kamili. Mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, kitambaa cha sufu kichwani, kikapu cha mayai mkononi, maana asingekuja mjini mikono mitupu. Alisimama ukumbini mpaka alipoambiwa mara kadhaa akae.

"Mama, mimi nachunguza karatasi ya kesi ya mumeo," Prouty akamwambia. Stebbins alikuwa ameegemea ukuta karibu. "Ungependa kutoa maelezo?"

"Hapana, bwana, asante. Una kazi nyingi."

"Una hakika? Hakuna unachotaka kuniambia?"

"Nisikusumbue, bwana."

Prouty akaandika majibu yote mawili kwenye daftari lake, akamshukuru. Bi Ragnhild akakaa kidogo, kama anayengoja kitu. Prouty akafunga daftari. Basi akainuka, akachukua mayai yake akaondoka.

"Sikukwambia?" Stebbins akasema. "Hata mkewe hataki."

Saa nane likaja jibu la gerezani. *Mfungwa Tveiten ameulizwa. Anasema asante, hataki kumsumbua mtu.*

Stebbins alilisoma mara mbili kwa raha, akakata kijiti kipya.

Mtu mwingine angeandika ripoti hapo hapo. Prouty akarudi ofisini kwa karani na kioo chake cha kukuzia, akafunga mlango.

"Nipe penseli zako zote," akasema.

Dunmire akatoa kumi na moja, kwenye kopo. Zote zimechongwa, ncha kama sindano. Prouty akamwambia aandike jina la jaji kwa kila moja. Akaandika. Prouty akayatazama majina kumi na moja kwa kioo, halafu akaitazama ile karatasi ya amri. Akarudia tena.

"Bwana Dunmire. Anayenakili sahihi ya mtu huchonga penseli kwanza. Anataka mstari mwembamba ili wino uufunike. Sivyo?"

"Nadhani."

"Hii penseli ya chini ni nene. Tena si ya mviringo. Tazama hapa, mkono ukishuka mstari ni mpana, mkono ukienda kando mstari ni mwembamba. Ni penseli ya ncha bapa. Na mwandishi hajasitasita popote, anakwenda mbio kama mtu mwenye baridi. Aliyesitasita ni mwenye wino. Hawa ni watu wawili. Wa kwanza ni jaji. Wa pili ni wewe."

Dunmire akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena.

"Kanuni ya tano," akasema mwishowe. "Hakuna karatasi ya penseli inayopokelewa kwenye kumbukumbu za mahakama hii. Jaji ndiye aliyeitunga, na mimi ndiye niliyeinakili. Jioni ile ya tarehe tisa alikuja hotelini ninakoishi, anakohoa, akanipa hii. Akasema, 'Horace, ameomba. Ipokee asubuhi.' Nikatazama, penseli! Nikamwambia, Mheshimiwa, nitakuletea kesho uiandike kwa wino. Akasema sawa. Asubuhi homa imempanda, hanijui mimi ni nani. Nilikaa naye siku tatu na karatasi mfukoni. Kila akifumbua macho nachovya kalamu."

"Akafa."

"Akafa. Jumapili nikaketi nikaipitishia wino mwenyewe. Nilifikiri naitengeneza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kubadili maandishi ya jaji ni kosa, Bwana Prouty. Nilijua hilo kabla wino haujakauka."

"Miaka kumi na mitano, bwana! Ungeipokea ilivyo, mtu angekuwa nyumbani kwake leo."

"Kwa penseli?" Dunmire akasema, na hata katika hali ile alisema kwa mshangao wa kweli.

Prouty akaandika maelezo yale, Dunmire akatia sahihi. Lakini lilikuwa neno la mshukiwa, na Stebbins angelitafuna kabla ya chakula cha mchana. Jaji aliandika wapi? Penseli bapa aliitoa wapi? Na je, Tveiten aliomba kweli, au jaji alijituliza roho tu? Mtu pekee aliyekuwemo kwenye kitabu cha mahabusu siku ile alikuwa ameulizwa, na alikuwa amesema hana la kusema.

Alhamisi asubuhi Prouty alikodi farasi na gari la kuteleza juu ya theluji, akaenda maili tisa hadi kwa Tveiten. Nyumba ya mbao, ghala ambalo upande mmoja paa lilikuwa bado halijawekwa, na moshi ukipanda wima kwenye bomba. Bi Ragnhild alifungua mlango kabla Prouty hajabisha, akamwonesha kwa kichwa mahali pa kukaa, karibu na jiko.

"Utakunywa kahawa, bwana?"

"Hapana mama, asante. Nimekunywa hotelini."

Akaweka mezani mkate mwembamba wa viazi, siagi, jibini ya kahawia na bakuli la sukari ya mabonge.

"Kahawa kidogo tu. Imeshaiva."

"Asante, sihitaji kweli."

Bi Ragnhild akachukua kikombe, akakipangusa, akakiweka mbele yake. "Haya, kikombe kimoja, umetoka mbali," akasema, na bila kungoja jibu akamimina hadi ukingoni.

"Mama, nimesema hapana."

"Umesema mara mbili tu."

Prouty akakitazama kikombe. "Kwani huku mtu anakubali mara ya ngapi?"

"Ya tatu. Na kwenu?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza?" Bi Ragnhild akamwonea huruma waziwazi. "Kama mbwa?"

Prouty hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa nakala aliyoinakili kwenye kitabu cha mwenendo wa kesi, akaweka kidole kwenye mstari. *Jaji alimuuliza mshtakiwa. Jaji alimuuliza mara ya pili.* Halafu akafungua daftari lake mwenyewe, ukurasa wa Jumatano. Ungependa kutoa maelezo? Hapana, asante. Una hakika? Nisikusumbue. Akaitoa na simu ya gerezani, akailaza pembeni.

"Mumeo alipoulizwa na jaji," akasema taratibu, "alikuwa anangoja aulizwe tena?"

"Sasa mtu atamkubalia jaji mara ya kwanza? Jaji mzima, mbele ya watu?" Akaketi. "Jaji wetu anajua. Miaka yote huuliza mara tatu, kila mtu wa huku anajua jaji huuliza mara tatu. Siku ile yule mnene akasema treni, treni. Jaji akafunga kitabu. Aslak akabaki mdomo wazi."

Prouty akamimina wino kidogo kwenye kidau chake cha safari, akaweka karatasi nyeupe.

"Basi na mimi nakuuliza mara ya tatu, mama. Tarehe tisa Januari, mahabusu, kulitokea nini?"

Bi Ragnhild akafuta meza ambayo haikuwa chafu, akasema. Alikuwa amempelekea mumewe mkate. Jiko la chumba cha wageni lilikuwa limezimika, askari akaenda nyuma kupasua kuni. Jaji akaingia mwenyewe, theluji kwenye masharubu. Akasimama mbele ya nondo akasema, "Aslak Tveiten, mahakama imekuuliza mara mbili. Sasa nakuuliza: unaomba kesi yako isikilizwe upya?" Aslak akavua kofia. Akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa, kama si usumbufu."

"Halafu?"

"Akataka kuandika. Akatoa chupa ya wino mfukoni, imeganda kama jiwe. Akaitia ndani ya koti, hapa." Akajigusa kwapani, upande wa kushoto. "Akawa anatembea, anapiga miguu chini, amebana mkono kama kuku. Tukangoja. Wino haukuyeyuka. Akaniuliza, mama, una penseli? Mimi nikasema, ah, Mheshimiwa, hiyo si ya kuandikia wewe. Akauliza tena. Akauliza tena. Nikampa."

"Chupa aliitoa?"

"Hapana, aliisahau humo humo. Niliona ameondoka bado amebana mkono."

Prouty aliandika hadi nukta ya mwisho ndipo akainua kichwa. Koti lilikuwa nyuma ya lakiri tangu tarehe kumi na mbili Januari. Doa walikuwa wameliona watu watatu tu, na kati ya hao, mbali na yeye mwenyewe, hakuna aliyefika hapa. Chupa iliyopasuliwa na barafu huvuja ikipata joto la mwili, tena huvuja baadaye, njiani.

"Penseli yenyewe bado unayo?"

Akainuka, akaleta kutoka kwenye kisanduku cha zana karibu na mlango. Penseli ya seremala, nyekundu, bapa, imechongwa kwa kisu. Prouty akaandika nayo jina la jaji kwenye kipande cha karatasi, akaweka kioo. Mkono ukishuka mstari mpana. Mkono ukienda kando mstari mwembamba.

"Nitaichukua hii, nikupe risiti."

"Chukua tu."

"Nitakupa risiti, mama."

Alimwandikia. Halafu akamsomea maelezo yake yote, kwa sauti, polepole, na Bi Ragnhild akasahihisha mahali pamoja: Aslak hakuvua kofia kwa mkono wa kulia, alivua kwa wa kushoto, wa kulia alikuwa ameshika mkate. Prouty akasahihisha. Akatia sahihi yeye, akatia sahihi mama. Kahawa akainywa, na bonge la sukari akaliweka kati ya meno alivyooneshwa.

"Simu itakwenda Wizarani leo kabla ya saa kumi," akasema. "Nitaandika kwamba amri ni ya jaji, na iliandikwa tarehe tisa, kwa ombi la mshtakiwa. Karani atajibu kwa ule wino wake, lakini si kwa kughushi. Shamba halitafunguliwa kwa watu wengine mpaka kesi iishe."

Bi Ragnhild akaitikia kwa kichwa.

"Kuna nafasi chini ya ripoti," Prouty akasema. "Huwa naandika ombi la aliyedhulumiwa, kwa maneno yake. Unataka nini, mama?"

"Hakuna, bwana. Umeshajisumbua vya kutosha."

Prouty akachovya kalamu.

"Unataka niandike nini?"

"Kwa kweli, hakuna haja. Theluji inaanza tena, utachelewa."

Nje farasi alitikisa kengele zake. Prouty hakugeuka dirishani. Aliishika kalamu juu ya karatasi, tone limekaa kwenye ncha, akauliza tena kwa sauti ile ile.

"Bi Ragnhild Tveiten. Unataka nini?"

Mwanamke akaweka mikono yote miwili mezani.

"Nataka Aslak arudi nyumbani," akasema. "Nilitaka kusema hivyo siku ile mahakamani. Nilikuwa nimeshaanza kusimama."